Kukamua na Kipimo Chake

Katika lugha yetu neno kukamua lina kazi mbili. Twakamua ng'ombe, ufuta na chungwa; na twasema pia kwamba tajiri fulani huwakamua watu wake. Nataka, msomaji, tufikiri pamoja juu ya swali lililojificha ndani ya neno hilo. Mtu mwenye uwezo wa kutoa zaidi katika kitu kilicho mkononi mwake, je, ana haki ya kutoa chote?

Tuanze na jambo dogo la jikoni. Watu wa Kiuu, huko Ruiru, hununua matunda katika soko la Githurai, na nyumbani kwa mmoja wao huenda ukaikuta mashine ya mkono ya kukamulia machungwa. Chombo chenyewe si kigumu kukieleza: kikombe chenye matundu, kifuniko kinachoshuka juu yake, na mkono mrefu wa chuma. Mkono huo ni wenzo. Ikiwa urefu wake toka kwenye egemeo ni sentimita 30, na kifuniko kimefungwa sentimita 5 tu toka hapo, nguvu yako huzidishwa mara 6. Ukitia uzito wa kilo 10, chungwa hulemewa na kilo 60, ukiacha kidogo kinachopotea kwa msuguano. Mtoto wa darasa la tano aweza kulibana chungwa kuliko vidole vya baba yake.

Karibu nusu ya uzito wa chungwa ni maji yake, na machungwa 3 ya kadiri hutosha kujaza bilauri moja. Maji mengi hutoka mara ya kwanza mkono unaposhuka, bila taabu. Kisha mkono hugoma. Yaliyosalia ni matone machache, nayo waweza kuyapata ukishindilia, lakini hayatakuja peke yake. Ganda litatoa mafuta yake makali; utando mweupe na kokwa vitatoa uchungu. Tena liko jambo la ajabu zaidi. Katika baadhi ya aina za machungwa, kinachotoka katika utando na kokwa si kichungu wakati kinapotoka. Hugeuka polepole ndani ya maji yale makali, saa baada ya saa, kikawa limonini, na limonini ni chungu. Kwa hiyo aliyeshindilia asubuhi huonja, akaisifu kazi yake. Anayekunywa jioni ndiye akunjaye uso. Usiniamini kwa maneno matupu. Jaza bilauri mbili, moja ya mkamuo wa kwanza na moja ya kushindilia, uzifunike, uzionje baada ya jua kutua.

Najua mama mwenye watoto wanne atanijibu kwamba tone lililobaki katika ganda ni fedha iliyotupwa. Hoja yake si ya kudharauliwa. Aliyenunua machungwa kwa kuhesabu sarafu hawezi kuambiwa na mwalimu kwamba kuacha ni ungwana. Lakini kuacha si kutupa. Makapi huliwa na mbuzi, au huoza yakawa mbolea ya sukuma wiki nyuma ya nyumba. Anayedai kila tone liingie katika bilauri yake hasemi habari za uchumi tu. Asema pia kwamba hakuna mwingine mwenye haja.

Watu wa pwani walikuwa na neno lao la mashine ya namna hii: shinikizo. Zamani lilikuwa kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, na ngamia aliyefungwa macho alikizunguka mchana kutwa. Leo twalitumia neno hilo kwa damu inayosukuma mishipa kupita kiasi, na kwa mzazi anayemshinikiza mwanawe ashike nafasi ya kwanza. Sidhani kwamba neno lilihama kwa bahati tu.

Utasema chungwa halina maumivu, na mtu anayo. Basi mfano wangu haufai. Kweli, chungwa halidhulumiwi. Lakini mimi natazama mkono zaidi ya chungwa. Anayekamua kwa mkono hupata habari: huhisi ugumu ukipanda, naye huchagua kusimama au kuendelea. Mashine ya umeme haimpi mwenyewe habari hiyo. Siilaumu mashine, nasema tu kwamba mtu mwenye mamlaka makubwa, kama mwenye kiwanda au mwenye nyumba nyingi za kupanga, hukaa mbali na mahali panapogoma, na umbali huo humfanya aseme kwa moyo safi kwamba hajamwumiza mtu.

Hata hivyo mkono nao hudanganyika. Chungwa lililoiva mno hupondeka lote bila kugoma, kokwa na ganda pamoja. Wako watu wa namna hiyo. Msichana anayefanya kazi katika nyumba ya watu, aliyetoka mbali na ambaye mshahara wake unangojwa na wadogo zake, hasemi kwamba amechoka. Akitumwa huitikia. Akiongezwa kazi huitikia tena, na mwajiri wake, ambaye pengine ni mtu mwema, huhesabu ule uitikiaji kuwa dalili ya nguvu iliyobaki. Hapa hisia za mkono hazitoshi, na ndiyo sababu kipimo kimeandikwa nje ya mkono. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, awe amenung'unika au amenyamaza. Ni kipimo kizuri, lakini ni kifupi. Sheria haiwezi kuingia jikoni saa nne usiku na kuuliza kama sufuria zile zingeweza kungoja asubuhi. Anayeweza kuuliza ni yule aliyeketi sebuleni, na wewe huenda umeketi karibu naye.