Usilazimishe Kimkono



Likizo hii niko nyumbani Zagayu. Mjomba wangu, aliyekuwa akipiga picha za harusi na kipaimara enzi za mikanda, amenipa kamera yake ya zamani, Canon AE-1, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Nikabonyeza kitufe cha kupigia: kimya. Nikavuta kile kimkono cha kusogezea mkanda: kimegoma. Nikakaza. Mjomba akaruka, "Wee Frateri, acha! Utavunja meno ya ndani."

Akanielewesha. Kimkono kile kinafanya kazi mbili: kinasogeza mkanda na kinatega shata. Shata ikishategwa, kimkono kinajifunga mpaka ifyatuke. Na shata ya kamera hii haifyatuki bila betri ya volti 6. Betri ilishakufa siku nyingi. Kwa hiyo kimkono hakikuwa kibovu. Kilisubiri picha iliyotangulia imalizike.

Hapo nikanyamaza, maana nilijiona. Mimi na mdogo wangu hatujasemezana tangu Krismasi. Ng'ombe aliuzwa kwa ajili ya safari yangu ya seminari, yeye akakosa ada ya chuo cha ufundi. Alipolalamika nikamwita mbinafsi. Tangu hapo nimefunga, nimesali novena, nimeandika maazimio, na moyo umegoma kusogea. Nilikuwa nakaza kimkono.

Katika Mathayo 5:23-24 Yesu hadharau sadaka yetu. Anatuambia tuiache kwanza pale altareni, tukapatane na ndugu, ndipo turudi. Utaratibu ni huo. Na nguvu ya kwenda si yetu; ni neema. Ndiyo maana kuna Kitubio.

Bariadi mjini nilipata betri nne ndogo za vidonge, za volti 1.5 kila moja. Tukazipanga kwa kufuatana, tukazizungushia karatasi, tukazitia. Nikabonyeza: kacha! Kimkono kikaja chenyewe, laini.

Siku ya pili nikaungama. Jioni nikamfuata mdogo wangu nikamwambia, "Nilikukosea, nisamehe." Hakujibu mengi. Alinisogezea kigoda.

Wewe je, unakaza wapi? Kabla ya Misa ya Jumapili, mpigie simu mtu mmoja tu.

Tusali: Bwana Yesu, tupe neema ya kuanza na yule tuliyemkosea. Amina.