Mwanangu Umempeleka Wapi?

Picha yenyewe niliipiga kwa simu, Sinza, mwaka 2016, mapema asubuhi, jua likiwa bado linapenya chini ya bati la kibanda. Shangazi ameinama juu ya chuma cha chapati, mkono wa kulia unageuza, wa kushoto umeshika kanga isiporomoke. Nyuma yake kuna ukuta uliojaa masizi. Pembeni, upande wa kushoto, bintiye wa miaka sita amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, amevaa sare za shule, anakunywa uji kwenye kikombe cha plastiki na anatazama kamera kama mtu aliyekatishwa mazungumzo.

Hatukuwa na undugu wa damu. Alikuwa mama lishe wetu sisi wapangaji wa ile nyumba ya uani, na jina la Shangazi lilikuja lenyewe kwa sababu alitukopesha chai na chapati kuanzia tarehe 20 ya kila mwezi bila kutuandika popote. Deni lote lilikuwa kichwani mwake, na hakuwahi kukosea.

Mwaka huo nilikuwa najifunza kutengeneza tovuti. Nilikuwa na stashahada ya uhasibu na sikuwa na kazi. Kaka mmoja mwenye duka la steshenari aliniachia kompyuta yake usiku, baada ya kufunga, kwa masharti kwamba asubuhi nifagie. Programu niliyofundishiwa uhariri wa picha ilikuwa ya wizi, na hilo nalo ni dhambi yenye mjadala wake siku nyingine.

Somo la kwanza kabisa halikuwa rangi wala uzuri. Lilikuwa uzito. Picha ya simu ina megabaiti nne, na mtu anayefungua ukurasa wako kwa bando la jero hana sababu ya kukuvumilia. Kwa hiyo unaipunguza vipimo, kisha unaihifadhi kama JPEG, na hapo ndipo nilipokutana na jambo lililonivutia kuliko yote. JPEG huigawa picha katika miraba midogo ya piseli 8 kwa 8. Hutunza mwanga kwa uangalifu na rangi kwa uangalifu mdogo zaidi, kwa sababu jicho la binadamu ni kali kwa mwanga kuliko kwa rangi. Kisha hutupa yale madogomadogo ambayo jicho halitayakumbuka. Picha ya Shangazi ilishuka kutoka megabaiti nne hadi kilobaiti 140, na nilipoziweka mbili sambamba sikuona tofauti. Nilikaa pale usiku nikifurahia wazo hilo: kwamba kuna vitu unaweza kuvitupa na hakuna atakayejua.

Baada ya wiki chache nikajifunza muhuri wa kunakili. Unachukua kipande cha ukuta hapa, unakigonga pale, na kilichokuwa pale kinatoweka chini ya ukuta. Nilianza na masizi. Nikahamia kwenye waya wa umeme uliokuwa ukining'inia. Kisha nikamfikia mtoto. Ilinichukua kama dakika 40, kwa sababu ya kivuli chake sakafuni na ukingo wa ile ndoo, na nilipomaliza nilimwita kaka wa steshenari aje aone. Hakuona kitu, na huko kutoona kwake ndiko kulikokuwa sifa yangu. Sikumfuta kwa ubaya. Alikuwa amekaa mahali pa maneno.

Maneno yalikuwa ya mteja wangu wa kwanza, kampuni ndogo ya mikopo. Walitaka bango la juu la ukurasa liwe na sura ya mtu halisi, si wale watu wa picha za kununua wanaocheka mbele ya saladi. Niliwaonyesha Shangazi, wakaipenda papo hapo. Upande wa kushoto, pale alipokuwa mtoto, tukaandika kwa herufi nyeupe kwamba mtaji mdogo hufungua maisha mapya, na chini yake kitufe cha kuomba mkopo. Nililipwa shilingi 250,000. Nilikwenda kulipa deni la chai nikiwa natembea kama mbunge.

Je, nilimwomba ruhusa? Jibu langu kwa miaka mingi lilikuwa ndiyo. Siku nilipoipiga nilimwonyesha, akacheka, akasema nimempendezesha. Nikamuuliza kama naweza kuitumia kwenye kazi zangu za kompyuta. Akasema, "Ichukue tu, mwanangu." Kila neno hapo ni la kweli.

Miezi mitano baadaye nilipita asubuhi kama kawaida. "Shikamoo, Shangazi." Aliitikia marahaba akiwa anatazama pembeni, na sikupewa chapati. Akafuta mikono, akatoa simu iliyoazimwa kwa mwenzake wa kikoba, akanionyesha kazi yangu.

"Hii kampuni nimeikopa lini?"

Anayejua vikoba ataelewa. Mnachanga kila wiki, mnakopeshana, na mnadhaminiana kwa nyuso zenu, kwa kuwa hakuna hati ya nyumba wala kadi ya gari. Mtu mwenye deni la siri kwingine ni hatari kwa wote. Wenzake walikuwa wameiona ile picha, wakafikiri kile ambacho mtu yeyote angefikiri. Zamu yake ya mkopo, aliokuwa akiusubiri kwa ajili ya ada, iliwekwa kando mpaka aeleze. Mumewe naye alikuwa ameuliza swali lake, zito zaidi: hizo pesa ziko wapi? Alikuwa ameapa kwa siku tatu kwamba hana mkopo, na sura yake mwenyewe ilikuwa shahidi dhidi yake.

Nilianza kueleza. Alininyamazisha kwa kidole, akaisogeza simu karibu na macho, akatazama ule ukuta msafi.

"Na mwanangu umempeleka wapi?"

Nimeshamsimulia jambo hili rafiki yangu mmoja mbunifu, aliyenizidi kipaji, na jibu lake huwa ni lilelile. Anasema picha kwenye ukurasa ni urembo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamke huyu amekopa. Wasomaji wamejitungia wenyewe, na ujinga wa msomaji si kosa la mbunifu. Ni hoja nzuri na niliishi ndani yake kwa muda. Iliniponyoka siku niliyokuwa nikifundisha kijana mwingine kanuni ya ukaribu. Kila anayejifunza kupanga ukurasa huifundishwa mapema: vitu vilivyokaribiana husomwa kama kitu kimoja. Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1923, zamani kabla ya tovuti, akionyesha jinsi jicho linavyokusanya nukta zilizo jirani na kuziona ni kundi. Nikawa namwambia yule kijana, weka maelezo karibu na picha, usimwachie msomaji kazi ya kuunganisha, na katikati ya sentensi nikanyamaza. Ile sentensi ambayo rafiki yangu anasema haikuandikwa popote niliiandika mimi, kwa kanuni niliyoijua, na nikalipwa kwa sababu ilisomeka vizuri. Wenzake wa kikoba hawakuwa wajinga. Walisoma sawasawa.

Na kama picha ingekuwa urembo tu, mteja asingedai sura halisi. Alitaka kitu ambacho mwanamke wa kweli hukileta mahali anaposimama, yaani kuaminika, na alikipata bila kumuuliza mwenye nacho kama anakubaliana na yanayosemwa.

Kuna mwanamke mwingine ambaye kila aliyewahi kubana picha anadaiwa naye kidogo, hata kama hamjui. Lena Forsén, Mswidi, alipigwa picha iliyotoka kwenye jarida la Playboy la Novemba 1972. Mwaka uliofuata, watafiti katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walihitaji picha nzuri ya kujaribia kazi zao. Wakakata sehemu ya juu ya picha ile, uso, bega na kofia yenye manyoya, wakaiingiza kwenye kompyuta kwa piseli 512 kwa 512. Kwa miongo kadhaa sura hiyo ikawa kipimo. Ukitaka kuonyesha kwamba njia yako ya kubana picha ni bora, unambana Lena kisha unalinganisha. Yeye alikuwa amelipwa kwa kazi moja, kwa jarida moja. Mwaka 2019, katika filamu fupi ya *Losing Lena*, alisema kwamba aliacha uanamitindo zamani, na sasa ni wakati wa kustaafu katika teknolojia pia. Jumuiya ya Kompyuta ya IEEE iliacha kupokea makala zenye picha hiyo kuanzia tarehe 1 Aprili 2024. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka 50.

Watetezi wake wa zamani, yaani watetezi wa kuendelea kuitumia, walisema picha ina sifa zote za kiufundi: ngozi laini, manyoya yenye vitu vidogovidogo, kivuli, mistari. Ni kweli. Hata ya Shangazi ilikuwa na mwanga mzuri. Lakini ndiyo ya mtu ina upeo? Nadhani ndilo swali lenyewe, na mimi sina jibu safi. Nikisema kila matumizi yaombewe ruhusa mpya, nimefuta uandishi wa habari na nusu ya sanaa. Nikisema ndiyo moja inatosha, nimemrudisha Shangazi mbele ya kikoba. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na nafurahi kwamba ipo. Ila hata mimi ningeweza kupata saini yake siku ile. Angesaini. Alikuwa ananiamini mpaka ananikopesha chai.

Ninachokiona ni kwamba alikubali kuonekana, na mimi nikamfanya aseme. Kuonekana na kusema ni vitu viwili, na kazi yangu yote inafanyika katika ule uwazi ulio kati yake. Ningeweza kumuuliza swali fupi: Shangazi, nataka ukae kwenye tangazo la mikopo, utaonekana kama mkopaji, sawa? Sikuliuliza kwa sababu nilijua angekataa. Kulijua hilo kunaniuma kuliko kosa lenyewe.

Mteja alikubali kuiondoa, kwa kununung'unika, nami nikamrudishia sehemu ya pesa. Nilikwenda mbele ya kikoba, nikakaa kwenye mkeka, nikaeleza kwa akina mama kumi na tisa nini maana ya bango la juu. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja akauliza kama naweza kumtoa na yeye kitambi. Zamu ya Shangazi ilirudi wiki mbili baadaye, ada ikiwa imeshachelewa. Picha haikurudi. Nimeikuta mara mbili kwingine, mara ya mwisho ikitangaza jiko la gesi, ukuta ukiwa msafi vilevile.

Mwaka 2023 Shangazi aliniomba picha ile ya zamani, ile yenyewe, ya binti na kikombe. Binti alikuwa anaingia kidato cha kwanza, bweni, na mama alitaka kitu cha kubandika ukutani. Nilitafuta kwenye simu iliyokufa, kwenye flashi, kwenye barua pepe. Nikaja kuelewa nilichofanya ule usiku wa dakika 40: nilihifadhi juu ya faili lilelile. Chini ya ukuta hakuna kitu. Piseli za mtoto hazikufunikwa, zilibadilishwa kuwa masizi yaliyosafishwa.

Nilikwenda kumwambia ana kwa ana, nikiwa na kamera ya kuazima. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akamwita binti atoke ndani, akageuza ndoo, akamwambia akae. Magoti yalimfika kifuani. Nikainua kamera, naye akanitazama kwa macho yaleyale.

"Hii," akaniuliza, "unaipeleka wapi?"