Gogo Halichagui Dereva

"Ifikapo Desemba niwe nimeajiriwa kwenye idara ya uhasibu, kwa mshahara usiopungua laki nane." Sentensi za namna hii zimejaa kwenye madaftari ya wahitimu wa vyuo, maana ndivyo wanavyofundishwa katika semina za kujiandaa na soko la ajira: usiseme tu kwamba unatafuta kazi, taja kazi gani, taja kiasi, taja tarehe. Na kweli sentensi inaonekana kamili. Kasoro yake haijitokezi mpaka uulize lengo hilo ni la nani. Aliyeliandika ni mhitimu. Atakayelitimiza ni ofisa mwajiri ambaye hajawahi kumwona, mwenye bajeti yake, wakubwa wake na rundo la maombi mezani.

Naamini swali hilo ndilo linaloamua kama lengo linalopimika litamjenga mtafuta kazi au litamvunja. Kwa bahati mbaya ndilo linalorukwa.

Malengo yenye vipimo hayakuzaliwa kwa watafuta kazi. Yalizaliwa kwa wenye kazi, tena wenye mamlaka. Mtaalamu wa menejimenti Peter Drucker aliyapa umbo mwaka 1954 katika kitabu chake kuhusu uongozi wa makampuni. Mwaka 1981 Mmarekani George Doran, aliyewahi kusimamia mipango katika kampuni ya umeme, akaandika makala fupi ya kuwasaidia mameneja waandike malengo yanayoeleweka. Alitoa vigezo vitano. Lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu aliyekabidhiwa kulibeba, liwezekane kwa nyenzo zilizopo, na liwe na muda. Kigezo cha tatu kimepotea njiani. Katika mafunzo mengi ya leo nafasi yake imechukuliwa na "lifikike", ambacho ni karibu kurudia kigezo kinachofuata. Kwa Doran hakikuwa pambo. Meneja aliyekabidhiwa lengo alikabidhiwa pia watu, fedha na sauti ya kuamuru, kwa hiyo alipoulizwa mwisho wa mwaka kwa nini hakulifikia, swali lilikuwa la haki.

Hata ushahidi unaotajwa sana kuhusu nguvu ya malengo umetoka katika ulimwengu wa aina hiyo. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Gary Latham alifuatilia madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani. Malori yalikuwa yakipakia karibu asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa kisheria. Madereva walipopewa namba iliyo wazi, asilimia 94, upakiaji ulipanda hadi karibu asilimia 90, bila nyongeza ya fedha. Nausadiki utafiti huo, na mtu yeyote aliyewahi kuahirisha jambo kwa kujiambia "nitajitahidi" anajua ukweli wake. Lakini gogo halichagui dereva. Halimuulizi uzoefu wa miaka mitatu wala jina la chuo alichosoma. Likishafungwa minyororo likainuliwa, limepakiwa.

Kazi inachagua. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yaliyopokelewa yalizidi 135,000, yaani karibu watu 85 kwa kila nafasi moja. Hata kama wote wangekuwa na daraja la kwanza, hata kama wote wangeamka alfajiri kusoma, zaidi ya 133,000 wasingepata. Na kwenye utumishi wa umma jambo linakwenda mbali zaidi: mtu anaweza kuvuka usaili wa mchujo, akafaulu mahojiano, na bado asipangiwe kituo kwa kuwa nafasi zimejaa, jina lake likabaki kwenye kanzidata likisubiri. Amefaulu na hajapata. Kijana huyo akifungua daftari lake mwezi Desemba, lengo alilojiandikia litamwambia kwamba ameshindwa, na litakuwa limesema uongo.

Wanafalsafa wa kale walioitwa Wastoiko walilitafakari jambo hili. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, akieleza mafundisho yao, anatoa mfano wa mpiga mshale: wajibu wake ni kufanya kila awezalo ili alenge barabara, lakini mshale ukishatoka, kupata au kukosa shabaha hakumo tena mikononi mwake. Epictetus, ambaye alikuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu, ana kitabu kidogo kilichokusanywa na mwanafunzi wake Arrian, na kitabu hicho kinaanza kwa kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu. Vyeo amevitaja waziwazi katika kundi la pili.

Ukiwasikiliza, utalifuta lengo la Desemba na kuandika jingine: "Kila wiki nitapeleka maombi matano." Hilo linabebeka na aliyeliandika. Washauri wengi wa ajira huishia hapo, na wanachosema ni nusu ya ukweli.

Nusu nyingine ni kwamba namba ya matendo huoza haraka. Maombi matano kwa wiki yanageuka kuwa barua moja inayobadilishwa anwani, na wiki nyingine hata jina la kampuni ya kwanza linasahaulika katikati ya aya. Mwanauchumi Charles Goodhart aliliona jambo la jinsi hii mwaka 1975 akichunguza sera ya fedha ya Uingereza: kipimo kikishafanywa chombo cha kuongozea, hakiaminiki tena kama kilivyoaminika mwanzo. Na kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Mpiga mshale wa Cicero anaweza kulenga kwa ustadi maisha yake yote kuelekea mahali pasipo na shabaha, roho yake ikiwa shwari kabisa kwa sababu ametimiza wajibu. Sitaki utulivu wa namna hiyo umpate kijana wa miaka 24.

Nionavyo mimi, namba ya mtafuta kazi inafaa iwe swali analoiuliza dunia, swali lililopangwa vizuri kiasi kwamba hata jibu la "hapana" linamfundisha kitu. Tuseme mhitimu wetu wa uhasibu anajiwekea maombi ishirini kwa miezi miwili, kila moja limeandikwa upya kwa tangazo lake, na anaweka kumbukumbu ya hatua kila ombi lilipofia. Ikiwa hakuitwa hata mara moja, tatizo liko kabla ya usaili. Pengine matangazo mengi yalitaka CPA, cheti cha bodi ya wahasibu, na yeye ana shahada peke yake; hapo kuongeza idadi ya maombi ni kupoteza bando, na fedha hiyo ni heri ikalipie mtihani wa bodi. Ikiwa aliitwa mara sita na zote akaishia mahojiano, vyeti vyake havina neno. Kinachohitaji kazi ni kile kinachotokea ndani ya chumba kile: Kiingereza kinachokwama anapotetemeka, au mfano halisi wa kazi aliyowahi kuifanya, ambao hakuuandaa. Namba zinafanana, ishirini kwa ishirini, lakini zinaelekeza njia tofauti kabisa.

Kisha awaulize wenzake waliopata kazi walizipataje. Mara nyingi atakuta hapakuwa na tangazo lolote. Kuna aliyekuwa kwenye mafunzo tarajali akaombwa abaki. Kuna aliyepigiwa simu na binamu. Watu wengi wakifika hapa hukasirika, wakasema kila kitu ni konekisheni, wakaacha kuhesabu. Hasira hiyo naielewa, na upendeleo wa wazi ni dhuluma inayostahili kuitwa hivyo. Hata hivyo si kila kujuana ni rushwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetafuta mtu wa kumwekea vitabu sawa hatangazi gazetini, anamuuliza anayemwamini. Kama kazi nyingi za mjini zinapita katika masikio ya watu, basi sehemu ya kipimo cha mhitimu iwe watu: kila wiki amtembelee mtu mmoja au wawili walio kwenye fani, awaulize kazi yao inakwendaje na ni ujuzi gani wanaukosa ofisini kwao. Kuomba kazi kunaweza kusubiri. Mazungumzo hayo nayo ni taarifa, na mara nyingi yana ukweli ambao tangazo linauficha.

Kipo kingine ambacho kipimo humpa asiye na kazi, nacho hakihusiani na kupata kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kiwanda cha nguo cha kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna, kilipokuwa kimefungwa na karibu kijiji kizima kuachwa bila ajira, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuchunguza maisha ya pale. Matokeo yalichapishwa mwaka 1933. Walitarajiwa kukuta watu wenye muda tele wa kusoma na kujadili siasa. Walichokuta ni kwamba hata vitabu vya maktaba vilikuwa vikiazimwa kwa uchache kuliko zamani. Walipima pia mwendo wa watu barabarani. Wanaume walitembea polepole kuliko wanawake na kusimama mara kwa mara; walipoulizwa siku yao ilipitaje, wengi hawakuweza kueleza saa zimekwenda wapi. Wanawake, ambao chakula na watoto havikuwaachisha kazi, walikuwa bado na siku yenye mwanzo na mwisho. Kwa hiyo maombi ya Jumatatu, mazoezi ya hesabu ya Jumatano na ziara ya Ijumaa vina thamani hata katika wiki isiyoleta simu yoyote. Vinamrudishia mtu Jumatatu na Ijumaa zake.

Je, mpango wa miaka kumi nao uwe na namba? Aristotle, mwanzoni mwa kitabu chake cha maadili, anasema aliyeelimika hudai usahihi kwa kiwango kile tu ambacho jambo lenyewe linaruhusu. Cheo cha ukurugenzi baada ya miaka kumi hakiruhusu usahihi huo. Huenda idara yenyewe itakuwa imefutwa. Ujuzi unaruhusu kwa kiasi: kufikia mwakani niweze kufunga hesabu za mwaka za kampuni ndogo bila kushikwa mkono. Latham mwenyewe, katika tafiti za baadaye alizofanya na Gerard Seijts, aliona kwamba kazi ikiwa ngeni na yenye mambo mengi yaliyosokotana, lengo la kujifunza njia za kuifanya humsaidia mtu kuliko lengo la matokeo. Kwa kijana anayeanza, karibu kila kazi ni ya aina hiyo.

Nyumbani, hata hivyo, kipimo kinabaki kimoja. "Mwanangu, umefikia wapi?" Mama anayeuliza hivyo aliuza shamba au alikopa kwenye kikoba kulipa ada, na ana haki ya kuuliza. Kijana mwenye kumbukumbu zake anaweza kumjibu kwa heshima na kwa ukweli: nimeomba huku, nimeitwa kule, nimekwama hapa, mwezi huu narekebisha hiki. Asiye nazo hubaki na "bado, mama", na kila mwezi neno hilo linakuwa zito zaidi kulitamka.

Lakini mzigo wote wa kuhesabu umewekwa kwa upande ulio dhaifu, na hilo si sawa. Idadi ile ya walioomba kwenye Mamlaka ya Mapato ilitangazwa hadharani, na kwa kutangazwa tu iliwasaidia maelfu waliokosa: kila mmoja aliweza kuona ukubwa wa mlango na ukubwa wa umati. Waajiri wengi hawasemi chochote. Anayetangaza nafasi mbili anaweza kabisa kuandika kwenye tovuti yake, ndani ya siku 30 baada ya kufunga maombi, walioomba walikuwa wangapi, walioitwa wangapi, na sifa gani iliyokosekana kwa wengi. Hilo linapimika, lina muda, na lina ofisa anayejulikana wa kulibeba. Waajiri haohao huwadai wafanyakazi wao malengo ya namna hiyo kila mwaka, na wanaweza kuanza kujiwekea wenyewe kwenye tangazo lao linalofuata.