Kaburi Lisilo na Mwenyewe

Ukisema kijiweni kwamba umezamia, washikaji watakuuliza ulitokea Durban au Ugiriki. Kwa vijana wa mjini kuzamia ni kujificha ndani ya meli na kuibukia ughaibuni. Mimi nilizamia kwa maana ile ya zamani: nilivaa miwani na mapezi, nikabeba mtungi wa hewa mgongoni, nikashuka chini ya bahari, nikarudi.

Msinicheke. Mimi ni mtoto wa Basotu, wilaya ya Hanang. Maji makubwa niliyoyajua utotoni ni ziwa la Basotu, ambako tulikatazwa kuoga kwa sababu ya viboko, na ziwa Balangida, la chumvi, ambalo kiangazi hubaki jeupe kama uwanja uliomwagiwa unga. Bahari niliiona nina miaka ishirini na mbili, kazi iliponipeleka Unguja kubeba mitungi kwenye boti ya wazamiaji. Mwaka wa pili wakanifundisha na mimi kushuka.

Kule chini kuna ukimya ambao sijauona kwingine. Unasikia pumzi yako tu, inaingia, inatoka. Nilianza na matumbawe ya karibu na kisiwa cha Bawe, nikaona samaki wa rangi ambazo majina yake sina. Baadaye nikapelekwa kwenye mabaki ya Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu za baharini, iliyogonga mwamba mwanzoni mwa karne ya ishirini. Chuma chake kimeota matumbawe, na samaki wamepanga humo kama wapangaji wa Kariakoo. Nilifurahi, siwezi kusema uongo.

Siku ile tukiwa tunarudi, mwalimu wangu akanipiga bega. "Ukipata cheti cha kina kirefu nitakupeleka Pegasus. Huko ndiko kwenye utamu wenyewe."

Nikacheka naye. Usiku nikakosa usingizi.

HMS Pegasus ilikuwa meli ya vita ya Waingereza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga bandarini Zanzibar, mitambo ikitengenezwa, ndipo meli ya Wajerumani, Königsberg, ilipotokea kwenye maficho yake ya Rufiji na kuipiga mizinga. Mabaharia zaidi ya thelathini walikufa. Baadhi yao wamezikwa kisiwani Chapwani, ng'ambo kidogo ya mji. Na sisi tunapauza mahali walipofia: siti moja kwenye boti, mtungi, chai na chapati wakati wa kurudi.

Tangu siku hiyo nina swali, nami naliweka mbele yenu wenzangu wa kalamu: kaburi hugeuka lini kuwa kivutio?

Mshikaji mmoja ninayebeba naye mitungi alinijibu haraka. "Ni miaka, bwana. Zaidi ya miaka mia imepita. Nani analia sasa?" Jibu hilo lina nguvu, maana hata sisi wenyewe tunalitumia. Tunaingia magofu ya Kilwa Kisiwani tukipiga picha, na waliozikwa pale hatuwaombi ruhusa.

Basi nikamtajia MV Bukoba. Nilizaliwa mwaka huohuo ilipozama, 1996. Wazee wanakumbuka: asubuhi ya tarehe 21 Mei, karibu kabisa na Mwanza, meli ikalala ubavu, ikapinduka. Kwa muda tumbo lake lilielea, na waliokuwa ndani wakasikika wakigonga chuma. Likatobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama moja kwa moja. Wazamiaji walikuja hadi kutoka Afrika Kusini kutoa miili. Wapo waliozikwa Igoma, na wapo ambao hawakupatikana kabisa.

Nikamwuliza, "Kesho mtalii akitaka kushuka kuitazama, utambebea mtungi?"

"Ah, ile hapana."

"Ikifika 2096 je?"

Akanyamaza, kisha akasema, "Hiyo wataamua wenyewe." Nami nikajiuliza: wenyewe ni akina nani?

Hapo ndipo inabidi nirudi nyumbani.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, nyanda za Hanang zilifunguliwa kuwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma. Yalifikia kama ekari laki moja. Ardhi hiyo haikuwa pori la bure. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, nayo ilikuwa na makaburi yao. Mzee wa heshima akifariki, Wabarabaig humfanyia bung'eda: juu ya kaburi hujengwa kilima cha udongo, tabaka juu ya tabaka, shughuli inayochukua miezi na kukusanya watu kutoka mbali. Kilima hicho hakiachwi. Watoto na wajukuu hukirudia, na vizazi vikipita bado kuna mtu anayeweza kusimama pale akakutajia aliyelala ni nani. Matrekta yalipita juu ya vilima vingi vya namna hiyo.

Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kudai ardhi yao. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki. Rufani ilipokatwa, wakashindwa, na mojawapo ya sababu ni kwamba hawakuthibitisha mahakamani kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Soma tena hapo, msomaji. Watu walio na baba zao chini ya udongo ule walitakiwa kuthibitisha kwamba ni wenyeji.

Sasa niseme lile lililonikosesha usingizi. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta. Alitoka kwao Dongobesh, Mbulu, akiwa kijana, akapata kazi kwenye shamba moja la ngano, na mshahara huo ndio uliomwoa mama na kutusomesha sisi. Habari hii alinisimulia mara moja tu, usiku, umeme ulipokatika. Siku moja plau ilikuwa inaelekea kwenye kilima cha udongo. Akasimamisha trekta, akamwita msimamizi. Msimamizi akaja, akatazama, akasema, "Lima. Hilo halina mwenyewe." Baba akalima.

Jioni akaja bibi mmoja wa Kibarabaig, amevaa ngozi, ameshika fimbo. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Alizunguka pale palipokuwa na kilima, akainama, akaokota bonge la udongo, akalifunga kwenye nguo yake, akaondoka. Baba alisema, "Nilijua pale pale kwamba mwenyewe alikuwepo."

Mnaona sasa kwa nini neno "utamu" lilinichoma? Si kwamba mzamiaji na plau ni kitu kimoja. Plau huvunja, mzamiaji hutazama tu, tena mzamiaji mwenye adabu hagusi hata kibati. Lakini sentensi yao ni moja: halina mwenyewe. Na ukichunguza utakuta sentensi hiyo daima husemwa na yule anayetaka kupita. Msimamizi alitaka ngano na mwalimu wangu anataka wateja. Mimi, niseme kweli, nilitaka cheti na sifa za kijiweni.

Mbali huko kwenye bahari ya Pasifiki kuna wangwa wa Chuuk, ambako ndege za Marekani zilizamisha meli zaidi ya arobaini za Wajapani, Februari 1944, kwa siku mbili. Leo ni mahali maarufu duniani kwa wazamiaji. Lakini baada ya vita Wajapani walirudi kule kutafuta mifupa ya watu wao na kuichoma kwa heshima ya kwao. Miaka ilikuwa imepita, bahari imeota matumbawe juu ya chuma, na bado wenyewe walikuwepo. Walikuwa mbali tu.

Kwa hiyo jibu langu, kama ni jibu, ni hili. Miaka haihalalishi kitu. Kutazama si dhambi, maana kumbukumbu nayo inahitaji macho. Ila anayefaidika na kupita hana haki ya kuwa hakimu wa kuamua kwamba kaburi limekufa. Kazi yake ni kupiga hodi kwanza. Na hodi haipigwi kwa maiti, inapigwa kwa walio hai: kuuliza, kusubiri, na kukubali kuambiwa hapana.

Mtanibana: hodi ya Pegasus nitaipiga wapi? Sijui vizuri. Mwezi uliopita nilivuka kwenda Chapwani, nikasimama kwenye yale makaburi, nikasoma majina moja baada ya jingine mpaka mwisho. Haikutosha, lakini angalau sasa siwezi kusema mle chini hamna mtu. Cheti nimeacha kukifuatilia kwa sasa, na mwalimu ameninunia.

Sisi tunaoandika nasi ni wazamiaji. Tunashuka kwenye misiba ya watu tukitafuta hadithi, halafu tunajisifu kwamba tumeona mengi. Ndiyo maana kabla ya kuleta makala hii nilimpigia baba simu nikamsomea kipande kinachomhusu. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Andika," akasema. "Ila pale uliposema niliambiwa nilime, usiishie hapo. Andika kwamba nilijua ni kaburi."

Nimeandika. Mwenye jibu tofauti na langu asinitafute kijiweni, alete hapa tulisome wote.