Anayeonja na anayekunywa: pipa la mwaloni na lutuku ya Bendera

Bia nyeusi nzito, iliyopikwa kwa shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia rangi ya mkaa, inaweza kulazwa mwaka mzima ndani ya pipa la mwaloni lililokuwa na wiski. Kiwanda cha Goose Island cha Chicago ni miongoni mwa waliovumisha kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Mapipa hayakuwa haba, maana sheria ya Marekani inadai wiski aina ya bourbon ikae katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, na pipa likishatumika mara moja linahitaji kazi nyingine. Mti huipa bia harufu ya vanila, hewa hupenya polepole na kulainisha ukali, na sehemu ya kinywaji hupotea kwa mvuke. Watengenezaji huiita sehemu ya malaika. Inayobaki hufikia asilimia 14 ya alkoholi au zaidi, karibu mara tatu ya bia yetu ya Primus. Hainywewi kwa pupa. Watu hugawana chupa moja, huinusa, huiacha ipoteze baridi ili ladha ijifungue, kisha hujadiliana kama kilichobaki ulimini ni kahawa, chokoleti au moshi. Swali langu ni la dini, wala si la jikoni: je, mtu huyu anayeonja ni mwema mbele ya Mungu kuliko anayekunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, huko Bendera, kaskazini ya Kalemie nchini Kongo? Wengi wanaofikiri kwa uangalifu watajibu ndiyo. Naamini jibu hilo ni sahihi nusu tu, na ile nusu yenye kosa inawaumiza watu.

Nianze na nusu iliyo sahihi, kwa sababu ina mzizi wa kale. Aristotle, alipochunguza fadhila ya kiasi, aliona kwamba kazi ya ulimi ni kupambanua ladha, kama wafanyavyo wajaribu mvinyo, na kwamba mlafi hapendezwi na upambanuzi huo hata kidogo. Mlafi anataka kitu kipite kooni. Alimtaja mmoja aliyeomba koo lake liwe refu kuliko la korongo. Thomas Aquinas alilipeleka wazo hili kanisani: hakuna kinywaji kilicho kiovu kwa asili yake, na ubaya wa ulevi ni kwamba mtu anaitupa akili yake akijua anachofanya. Tukiwafuata wawili hawa, ukali wa kinywaji hautoshi kumhukumu mnywaji. Bia ya asilimia 14 inayoonjwa kwa makini inaiamsha akili, inaidai kumbukumbu, inamfanya mtu amtambue aliyeipika na nafaka iliyotumika. Kuna shukrani ndani ya umakini wa namna hiyo, na sioni sababu ya kuionea haya. Aliyemwaga nusu kreti ya bia hafifu tumboni mwake ili asahau jina lake yuko mbali zaidi na kiasi, ingawa kila chupa yake ilikuwa dhaifu.

Lakini tazama umakini huo unatoka wapi. Lutuku hutengenezwa kwa mahindi na muhogo. Mchanganyiko huachwa siku chache ili uchachuke, huchemshwa ndani ya pipa la chuma, na mvuke hupitishwa katika bomba linalopozwa kwa maji hadi utone kwenye chombo. Haingoji mwaka. Kwa kawaida anayeikeneka ni mama mwenye watoto wa kulipia shule na dawa za kununua, naye hana ghala la kulaza mali yake wala mtaji wa kumvusha miezi kumi na miwili bila kuuza. Sehemu ya malaika hutolewa na mwenye uwezo wa kupoteza. Na mnunuzi wake, aliyetoka shambani au kuchimba, analipia kinachomfikisha haraka mahali anapotaka kufika, kwa pesa alizonazo siku hiyo. Hivyo tunapomsifu mwonjaji kwa subira yake, sehemu ya sifa hiyo ni ya muda, na muda ule ulinunuliwa. Aristotle mwenyewe alikiri kwamba maisha mema yanahitaji mali kiasi. Wahubiri wetu wamelisahau jambo hilo mara nyingi mno.

Historia inaonyesha jinsi hukumu hizi zinavyoweza kuwekwa kwa kipimo cha ngozi na mfuko. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka mipaka kwa biashara ya pombe kali katika eneo la Afrika kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, na pwani yote ya Ziwa Tanganyika imo humo. Lengo la kuwalinda watu lilikuwapo, siwezi kulikana. Lakini mkataba huohuo uliacha mlango kwa kiasi cha kutumiwa na wasio wenyeji. Pombe kali ileile ilionekana hatari kwa mmoja na burudani kwa mwingine. Miaka 75 baadaye, mwezi Juni 1965, Wacuba wa Che Guevara walishiriki katika shambulio la Bendera, penye kituo cha umeme. Katika kumbukumbu zake Che aliandika kuhusu pombe ya kukenekwa ya mahindi na muhogo na fujo ilizoleta kambini. Simlaumu kwa kuona alichokiona. Naongeza tu kwamba waliokunywa walikuwa vijana walioishi katika vita na njaa, na sijui ni falsafa gani ingewafundisha kuonja.

Mwislamu wa Kalemie ana pingamizi zito zaidi, na linastahili jibu la heshima. Kwake, kinacholevya kikiwa kingi ni haramu hata kikiwa kidogo, kwa sababu kidogo ndiyo njia ya kingi. Kweli, mwanasheria Abu Hanifa wa Kufa alitofautisha mvinyo wa zabibu na vinywaji vingine, lakini msimamo huo haukudumu hata katika madhehebu yake, na Washafii wa ukanda huu wa Waswahili hawakuukubali kamwe. Wakimbangu, Wakristo wa kanisa la Kimbangu, nao wameikataa pombe kabisa. Nguvu ya makatazo haya ni kwamba hayabagui: tajiri na maskini wanaachishwa pamoja, na hakuna anayesifiwa kwa kuwa na ghala. Kwa upande huu yana haki kuliko maadili ya mwonjaji. Ninachokitilia shaka ni hatua ya pili, pale katazo linapogeuka kuwa maelezo ya moyo wa mtu, kana kwamba harufu ya lutuku mdomoni imeshasema yote kuhusu imani yake.

Wengine watanipinga kwa miili: lutuku huua. Ni kweli inaweza kuua. Matone ya kwanza, yenye sumu, hayatengwi kila mara, vyombo ni vyuma vya kuokota, na hakuna anayepima ukali. Bia ya pipani imepimwa na kuandikwa kiwango chake kwenye chupa. Basi hatari hii inadai vyombo safi, maarifa ya kutenga, na kazi nyingine itakayolipa karo kabla ya muhula kuanza. Haitoi ushahidi wowote kuhusu wema wa nafsi ya anayeuza. Padre au mchungaji anayekemea lutuku mimbarani Jumapili ana haki ya kukemea ulevi, na ni vema asichoke. Lakini akitoka hapo akampongeza muumini aliyerudi kutoka Ulaya na chupa ya bia iliyozeeshwa pipani, akaisifu kama alama ya mtu mwenye kiasi, amehama kutoka kwenye mafundisho juu ya akili na kuingia katika mafundisho juu ya bei. Na yule mama wa Bendera, akiwa kwenye benchi la nyuma, amesikia tofauti hiyo vizuri kabisa.