Fundi Aliyekataa Vyeo

Misiba ya Kagera ina wasifu wa marehemu ambao ukiusikia mara mbili tatu umeshaujua. Msemaji wa familia anasimama na karatasi: marehemu alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaoa, akajaliwa watoto, akashika nafasi hizi na zile, akaanza kuugua. Kwa mzee tuliyemzika Izimbya, karatasi iliisha mapema mno. Alipigana Vita vya Kagera. Alikuwa fundi seremala. Hakuoa. Basi.

Naomba kuijaza.

Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini, yakateka eneo la kaskazini ya mto Kagera na kulibomoa daraja la Kyaka. Jeshi letu likaongezwa haraka kwa maelfu ya mgambo kutoka vijijini, naye akiwa mmojawapo. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, vita vilikuwa vinaelekea ukingoni, na muda si mrefu vijana wa aina yake wakarudishwa makwao.

Walikuta nchi imefunga mkanda. Mwalimu Nyerere alituomba miezi 18. Dhiki ikavuka miezi hiyo na kuendelea. Sabuni adimu, misumari ndiyo usiseme. Hapo ndipo fundi wetu alipopata jina. Alichomoa misumari ya milango mibovu, akauweka mmoja mmoja juu ya jiwe, akaugonga taratibu huku akiuzungusha kwa vidole mpaka unyooke, kisha akaipanga kwa urefu kwenye kopo la maziwa. Misumari ikimwishia, alichonga ulimi na tundu, akaunga kwa vijiti vya mbao ngumu. Milango yake ya msizi bado inafunguliwa na kufungwa pale kijijini, na haijalegea.

Siku nyingine unafika, karakana imefungwa, baiskeli haipo. Kaenda Muleba, au kaenda kuvua ziwa Ikimba. Msimu wa senene ndiyo kabisa, usijisumbue kumtafuta. Aliombwa awe mjumbe wa nyumba kumi, akakataa. Aliitwa kwenye ajira ya mshahara, akakataa pia, akisema filimbi za jeshi zilishamwamsha vya kutosha. Wapo waliomwita mhuni. Lakini mhuni huyo akikuahidi jeneza saa nane, saa saba liko uani, na mfiwa asiye na kitu hadaiwi.

Sitaki kumpaka sukari. Uhuru wake ulikuwa na bei, na si yeye peke yake aliyeilipa. Uzeeni alipikiwa na watoto wa ndugu zake. Kwa Wahaya, ambao kibanja ndicho kinachobeba jina la mtu, kufa bila mrithi ni jambo la kuitisha kikao cha ukoo, na kikao kiliitishwa. Hata hivyo, waliokaa kwenye kikao hicho waliingia kupitia mlango alioutengeneza yeye.

Kule Kaboya, Muleba, taifa limewatunzia makaburi ya heshima askari waliokufa katika vita hivyo, na kila tarehe 25 Julai tunawaenzi mashujaa. Ni haki yao. Waliorudi hai tuliwaachia wajitafutie heshima mtaani, nasi tukaendelea kuwapima kwa vyeo, ndoa na bati. Kwa mizani hiyo, mtu aliyeipigania nchi kisha akaishi miaka zaidi ya arobaini akiwatengenezea watu vitanda, milango na majeneza, anatoka na mistari mitatu.

Kijana wa miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Wengi wao wapo bado: wanapiga randa, wanashona viatu, wanafyatua matofali. Wasifu wao uandikwe sasa, wakiwa na nguvu za kutukatiza na kutusahihisha. Na tukikaa nao, tusianze na nafasi walizoshika. Tuwaulize walitengeneza nini, walimtengenezea nani, na walikataa nini.