Je, Ni Haki Kumwambia Mgonjwa "Haitauma"?

Liko neno dogo lisemwalo kila siku penye sindano na visu, nalo ni hili: "Haitauma." Wengi wetu twalisema kwa huruma. Nauliza, je, ni haki kulisema?

Mwaka jana nalimsindikiza bibi mmoja jirani yangu, Mnyaturu, aliyekuwa na vikope. Ugonjwa huu twaujua katika nchi hizi kavu za katikati: mwisho wake kope la juu hukunjika ndani, nywele zake zikakwaruza jicho kila lifumbapo, hata mtu awe kipofu. Dawa yake ni kulipasua kope na kuligeuza nje, naye mgonjwa yu macho, akijua yote atendewayo.

Mtumishi akamwambia, "Bibi, haitauma hata kidogo." Sindano ya ganzi ilipoingia, bibi akausukuma mkono wake, akasema, "Umenidanganya! Na hicho kisu je, nacho hakiumi?" Tukarudi nyumbani. Angalieni, hakukimbia maumivu, maana mama huyu amezaa watoto saba. Alikimbia kwa kuwa hakujua tena neno lipi la kuaminiwa.

Baada ya miezi mitatu alikubali kwenda mahali pengine. Muuguzi akaketi karibu naye kwanza, akamwambia: "Bibi, sindano itachoma, nayo itawaka kama moto mpaka uhesabu ishirini. Kisha utasikia navuta tu. Ukisikia uchungu, usitikise kichwa, inua kidole, nami nitasimama." Akainua kidole mara moja. Muuguzi akasimama kweli, akaongeza dawa, na kazi ikaisha.

Mwalimu mwenzangu hakubali. Asema, ukiwaambia watu kweli, nani atakuja? Neno lake lina uzito, maana uongo mdogo waweza kuokoa jicho. Lakini yeye ahesabu mgonjwa mmoja na siku moja. Jicho la pili labaki, na majirani wangoja habari. Wala sisemi mgonjwa amwagiwe yote kama mtama kapuni. Asiyetaka kuona kisu asionyeshwe. Kunyamaza ni jambo moja, kusema lisilo kweli ni jingine.

Ganzi yenyewe si ya kale. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba matone ya kokeini huondoa uchungu wa jicho. Kabla yake wengi walipasuliwa wakisikia yote. Siku hizi ziko dawa nyingine zilizo salama zaidi. Lakini hofu haitulizwi kwa sindano.

Wanaume wa kwetu wana shida yao wenyewe. Jandoni tulifundishwa tusitikise hata ukope, na wengine huichukua aibu hiyo mpaka hospitali: jasho lawatoka, kidole hawainui. Nadhani hapo mila njema imepelekwa pasipo pake.

Yule bibi sasa apepeta mtama wake mwenyewe. Jicho la kushoto bado. Amesema atakwenda baada ya mavuno, akaniuliza kama muuguzi yule yule atakuwapo.